Katauti ya Umeme kwenye Ekzosi: Mwongozo Kamili wa Kuifunga kwenye Gari la Kasi

Katauti ni mlango wa pembeni kwenye bomba la ekzosi. Ni kipande cha bomba chenye umbo la Y. Tawi moja linaendelea na safari yake ya kawaida hadi kwenye sailensa, na la pili limezibwa na kisahani cha chuma kinachozungushwa na mota ndogo ya volti 12. Ukibonyeza swichi, kisahani kinageuka na moshi unatoka nje kabla haujafika kwenye sailensa, na hapo unaisikia injini kama ilivyo. Ukibonyeza upande wa pili, gari linatulia na unapita mtaani bila kumwamsha mtu.

Wanaotaka kuifunga huwa wanahangaika zaidi na kifaa chenyewe: chapa gani, swichi au rimoti, moja au mbili. Kwangu mimi hilo ni jambo dogo. Kinachoamua kama utaifurahia au itakutesa ni mahali utakapokata bomba na upande utakaoelekeza mdomo wa katauti. Ukikosea hapo, moshi unaingia ndani ya gari, joto linapiga paipu ya mafuta, taa ya injini inawaka kila siku, mota inaungua kabla ya wakati wake. Ndiyo maana sehemu ya mahali nimeipa nafasi kubwa kuliko ya kukata na kuchomelea.

Utapata nini, na nini hutapata

Faida ya kwanza ni sauti, na kwa magari mengi ndiyo faida kubwa. Kuhusu nguvu, inategemea sailensa inabana kiasi gani. Gari lenye ekzosi ya kiwandani iliyojaa vikwazo litapumua vizuri zaidi kwenye mizunguko ya juu. Gari ambalo tayari lina ekzosi pana litaongeza kelele tu, nguvu kidogo sana au hakuna.

Gari la turbo ni habari nyingine. Turbo inazungushwa na tofauti ya shinikizo kati ya upande wa injini na upande wa kutokea, kwa hiyo ukiondoa kizuizi baada yake, inaamka mapema zaidi. Hapo hapo pana hatari: kama mlango wa kupunguzia moshi wa turbo, ule wanaouita westigeti, ni mdogo, unaweza kushindwa kudhibiti, na shinikizo la hewa likapanda kupita kiwango kilichowekwa. Gari la turbo lisifungwe katauti bila geji ya shinikizo inayosomeka ukiwa umeshika usukani.

Kuna imani kwamba injini inahitaji moshi ubanwe kidogo ili iwe na nguvu chini. Si kweli. Injini inachopenda ni gesi inayokimbia kwa kasi ndani ya mabomba ya karibu na silinda, na mawimbi ya shinikizo yanayosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Mambo hayo yanatokea kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, na pale mabomba yanapoungana. Katauti iliyowekwa mbali, baada ya maungano hayo, haiyagusi sana. Iliyowekwa karibu mno inayavuruga, na hapo ndipo watu wanapolalamika kwamba gari limekuwa zito kuondoka.

Kuhusu sheria, soma ya mahali unapoendesha kabla hujanunua chochote. Sehemu nyingi zinakataza kabisa kifaa cha kukwepa sailensa barabarani, hata kikiwa kimefungwa muda wote. Sheria ya magari ya California, kwa mfano, kwenye kifungu cha 27150, inataja katauti kwa jina na kuikataza. Mahali pake halali ni kwenye uwanja wa mashindano au kiwanja cha faragha, na hata huko viwanja vingi vina kikomo cha kelele. Na kataliti, kile chombo cha kusafisha moshi, isitolewe wala isikwepwe. Katauti inakuja baada yake, kamwe si kabla.

Kuchagua na kukagua kifaa

Ukubwa wa katauti ulingane na bomba lako. Pima kipenyo cha nje kwa kalipa, si kwa kukadiria, kwa sababu bomba la inchi 2.5 ni milimita 63.5 na la inchi 3 ni milimita 76.2, na tofauti ya milimita chache inatosha kukuharibia maungio. Katauti pana kuliko bomba haina faida yoyote. Inakula nafasi chini ya gari na kuongeza uzito.

Metali pia ilingane ikiwezekana: stenlesi kwa stenlesi, chuma cha kawaida kwa chuma cha kawaida. Y ambayo tawi lake limelala kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 inapitisha moshi vizuri kuliko T iliyosimama wima. Angalia pia mota inajizima vipi ikifika mwisho. Nyingine zina kidhibiti kinachohisi umeme ukipanda na kukata, nyingine zinategemea wewe uachie swichi. Zote zinafanya kazi, lakini hiyo ya pili ukiizoea kuishikilia bila sababu utaiua.

Kabla ya kukata chochote, weka vali, yaani kile kisahani pamoja na mota yake, mezani na uiunganishe na betri kupitia fyuzi. Ifungue, ifunge, geuza nyaya, rudia mara kadhaa. Mota iende kwa mlio mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikigugumia katikati, gia zake au shafti ya kisahani ina tatizo. Kisha ifunge, nenda kwenye chumba chenye giza, washa tochi upande mmoja na chungulia upande wa pili. Utaona uzi mwembamba wa mwanga kuzunguka kisahani, na huo ni wa kawaida kwa sababu vali hizi hazizibi kama bomba la maji. Ukiona mwanga mnene upande mmoja, kama mwezi mwandamo, kisahani kimekaa upande. Irudishe dukani ikiwa bado safi, kwa maana ikishafungwa itavuja na kupiga filimbi siku zote.

Mahali: hapa usiharakishe

Inua gari, lala chini na tochi, na ufuate bomba kuanzia injini kwenda nyuma. Mpangilio wa kawaida ni manifoldi, turbo kama ipo, sensa ya oksijeni ya kwanza, kataliti, sensa ya pili, kisha sailensa ndogo ya katikati kama ipo, na mwishoni sailensa kubwa. Unatafuta kipande kilichonyooka baada ya sensa ya mwisho na kabla ya sailensa.

Sensa ndiyo sababu ya kwanza ya kutosogea mbele. Moshi hautoki kama maji ya mpira. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba linashuka chini ya lile la nje. Katauti ikiwa wazi na injini ikizunguka polepole, hewa safi inavutwa ndani kupitia mdomo huo. Sensa iliyo jirani inaisoma hiyo hewa kama oksijeni iliyobaki baada ya kuungua, kompyuta inadhani mafuta ni pungufu, inaongeza. Sasa gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na kataliti inapewa kazi isiyo yake. Acha angalau nusu mita kati ya sensa na tawi la katauti kama nafasi inaruhusu.

Baada ya sensa, angalia mdomo wa katauti utatazama nini. Injini ikiwa imekanyagwa kweli, gesi inayotoka hapo ina joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi na inatoka kwa nguvu. Isielekee kwenye paipu za mafuta, paipu za breki, kebo ya breki ya mkono, tangi, raba za propela shafti, buti za eksele, tairi, wala mafungu ya nyaya. Isipige sakafu ya gari pia, kwani upande wa pili wa bati hilo kuna zulia na povu. Kama mdomo wenyewe umekaa vibaya, ongeza bomba fupi lililopinda kuuelekeza nyuma na nje.

Sasa lile ninalolisisitiza kuliko yote. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa ameketi na kuhisi usingizi tu. Kataliti inaipunguza, haiimalizi, na injini ikiwa baridi inatoka nyingi zaidi. Katauti inayomwaga moshi katikati ya gari inauweka chini ya miguu yako kabisa, na sakafu ya gari ina matundu mengi kuliko unavyodhani: vizibo vya raba vilivyopotea, tundu la kebo ya gia, mshono ulioliwa na kutu, matundu ya nyaya ulizopitisha mwaka juzi. Bomba la kutolea lifike ukingoni mwa bodi, nyuma ya milango na madirisha yanayofunguka, au liende hadi nyuma kabisa. Kagua sakafu, ziba kila tundu, na nunua kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri uiweke ndani ya gari wakati wa majaribio. Gari ambalo nafasi yake hairuhusu haya yote, mimi ningeliacha bila katauti.

Mota nayo ina mahali pake. Ikining'inia chini ya bomba, itapigwa na mawe na kuoga kila dimbwi. Ikiwa juu kabisa, joto linalopanda linaipika. Ikae ubavuni, imeinuka kidogo juu ya mstari wa katikati ya bomba, upande ambao hewa inapita. Kipande cha bati la kukinga joto kati yake na bomba kinaipa maisha marefu, mradi bati lisiguse vyote viwili.

Mwisho angalia urefu kutoka chini. Kifaa chochote kisishuke chini ya sehemu iliyo chini zaidi ya gari kwa sasa. Fikiria gari likiwa limejaa watu na limezama kwenye springi, likipanda tuta. Pima hivyo, usipime likiwa limening'inia kwenye stendi.

Kwa injini za V zenye mabomba mawili, weka katauti baada ya maungano ya X au H, pale mabomba mawili yanapounganishwa, moja kila upande, kwa umbali ulio sawa. Ukiziweka kabla ya maungano, kila upande unapumua peke yake na unapoteza kazi ya ile X uliyoilipia. Kuweka moja tu upande mmoja pia kunawezekana, lakini sauti inakuwa ya kilema, na binafsi siipendi.

Siku ya kazi

Gari liwe limepoa kabisa, limesimama kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Weka vizuizi kwenye tairi, inua, ketisha kwenye stendi, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingia chini. Jeki peke yake haimshikilii mtu. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kama utachomelea gari likiwa hapo hapo, chomoa pia plagi za kompyuta ya injini na alteneta, na klampu ya ethi ya mashine ibane karibu kabisa na mahali unapochomelea ili umeme usitafute njia kupitia beringi na sensa.

Vaa miwani, glavu na kinga ya masikio. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili anayeangalia. Ng'oa au funika kwa blanketi la kuchomelea kila kitu kinachoungua juu ya eneo la kazi, na kama paipu ya mafuta iko jirani, usichomelee chini ya gari kabisa. Toa bomba lote ukafanyie kazi mezani.

Kuna onyo moja ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. Usisafishe bomba kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukawasha mashine. Mabaki ya dawa hiyo yakikutana na joto na mwanga wa kuchomelea yanatoa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani, na kiasi kidogo kinatosha kuua. Tumia asetoni, acha ikauke hadi harufu iishe, na kopo liwe mbali.

Kukata na kuchomelea

Kwanza chora mstari mnyoofu kwa alama ya chuma juu ya bomba, upite eneo lote utakalokata na uendelee sentimita 10 kila upande. Mstari huo ndio utakaokuambia kama sehemu ya nyuma imezunguka wakati wa kuunga, maana mzunguko mdogo hapa katikati unafanya ncha ya nyuma igonge bampa.

Shikilia bomba mbele na nyuma ya eneo la kukata kwa stendi au waya mnene, kwa sababu likikatwa linaanguka na kuvuta raba zake. Weka Y pembeni yake, angalia mshale wa mwelekeo, na upime. Kama ncha za Y zinavaa juu ya bomba, urefu wa kukata ni urefu wa Y ukitoa sehemu mbili zitakazoingiliana. Watu wanasahau kutoa, wanakata urefu mzima, kisha wanabaki na pengo. Kata pungufu kidogo. Kupunguza kwa grenda ni rahisi, kuongeza ni kuanza upya.

Kata wima, kwa grenda au kikata bomba cha mnyororo. Toa makali ya ndani na nje kwa tupa, kisha piga msasa sentimita 2 hadi chuma king'ae. Ingiza Y, linganisha mstari, geuza tawi hadi mdomo utazame ulikopanga, na ufunge vali kwa bolti mbili tu ili uone mota inakaa wapi. Hapo pandisha na kushusha bomba kwa mkono na kulitikisa pembeni. Injini inacheza kwenye mauntini zake kila unapokanyaga mafuta, na ekzosi inacheza nayo, hivyo acha angalau milimita 25 kuzunguka kila kitu.

Kumbuka pia kwamba bomba linarefuka. Mita moja ya stenlesi ya aina ya 304 ikipanda nyuzi 500 za Selsiasi inaongezeka milimita 8 hadi 9. Chuma cha kawaida kinaongezeka kama milimita 6. Gari zima linaweza kukupa sentimita kadhaa za mwendo. Kwa sababu hiyo usibane katauti kwenye bodi kwa brakiti ngumu. Kama uzito wake unahitaji msaada, na mara nyingi unahitaji, ongeza hanga yenye raba.

Mkao ukikuridhisha, piga nukta nne za kuchomelea, moja kila robo ya mzunguko, kisha ondoa vali na mota kabisa. Hili halina mjadala. Joto la kuchomelea linapindisha tundu la vali na kisahani hakitakaa tena, na mota yenye gia za plastiki haina hata nafasi ya kujitetea.

Kwa mashine ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, chuma cha kawaida kinachukua waya wa ER70S-6, stenlesi ya 304 inachukua ER308L, na ukiunga stenlesi na chuma cha kawaida tumia ER309L. Chomelea vipande vifupi, ukiruka upande hadi upande, ili bomba lisivutwe na joto. Ukitumia TIG, ile ya ncha ya tungsteni, kwenye stenlesi, jaza gesi ya agoni ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani unaota magamba meusi yenye ncha. Bomba lililopakwa zinki usilichomelee bila kuondoa zinki, kwani moshi wake unaleta homa.

Kama huna mashine, klampu pana za bendi zinashika vizuri kwenye maungio yanayoingiliana na zinaweza kufunguliwa. Klampu za U zinaminya bomba na kulipa umbo la yai. Kwa kazi hii siziafiki.

Bomba likipoa lenyewe, bila kumwagiwa maji, rudisha vali na gasketi mpya. Paka nyuzi za bolti grisi ya nikeli isiyoganda, kaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo kila bolti, hadi flenji ikutane sawasawa. Nati ziwe za kujifunga za chuma, si zile zenye nailoni, kwa maana nailoni itayeyuka.

Umeme

Mota hii inazunguka upande mmoja ikipata chanya na hasi, na upande wa pili ukizibadilisha. Kazi yote ya nyaya ni kubadilisha huko.

Njia rahisi ni swichi ya pini 6, aina inayorudi katikati yenyewe ukiiachia. Pini mbili za katikati zinaenda kwenye nyaya mbili za mota. Pini za juu zinapata chanya na hasi. Pini za chini zinapata hizo hizo lakini zimepishana: chini ya chanya weka hasi, chini ya hasi weka chanya. Umemaliza.

Njia ninayoipenda zaidi inatumia rilei mbili za pini 5, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo, hasa ukiwa na katauti mbili, kwa sababu umeme mkubwa haupiti tena kwenye swichi ya dashibodi. Rilei hizi zina namba pembeni ya kila pini. Kwenye zote mbili, 87 inapata chanya kupitia fyuzi, na 87a inaenda ethi. Pini 30 ya rilei ya kwanza inaenda waya mmoja wa mota, 30 ya rilei ya pili inaenda waya mwingine. Pini 85 zote ethi. Pini 86 ya kwanza inapata umeme ukibonyeza kufungua, 86 ya pili ukibonyeza kufunga. Rilei zikiwa zimelala, nyaya zote mbili za mota ziko kwenye ethi, kwa hiyo mota imetulia na hata inajizuia isizungushwe na mtikisiko. Na mtu akibonyeza pande zote mbili kwa pamoja, nyaya zote zinapata chanya na hakuna kinachotokea. Ni mpangilio salama, na koili za rilei zinavuta umeme mdogo kiasi kwamba waya mwembamba unatosha hadi kwenye swichi.

Umeme wa swichi uchukue kwenye laini inayowaka ufunguo ukiwashwa, ili mtoto akichezea gari limezimwa asimalize betri. Fyuzi iwe ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi ampea 10 hadi 15, na ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20, kwani kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata. Kwa mota moja, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha.

Pale waya unapopita kwenye bati, weka raba ya kupitishia kisha uzibe kwa silikoni. Tundu hilo lisije likawa lile la kuingizia moshi. Chini ya gari, pitisha waya ndani ya soksi ya kuzuia joto, mbali na ekzosi kwa sentimita 15 au zaidi, ufunge kwenye bodi kila baada ya sentimita 30, na uache kitanzi kidogo karibu na mota ili bomba likicheza lisivute plagi. Plagi iwe ya kuzuia maji, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye mota, maji yadondokee hapo badala ya kuingia.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kabla ya injini, tafuta uvujaji. Funga katauti, elekeza bomba la kupuliza la kifyonza vumbi kwenye ncha ya nyuma ya ekzosi, ziba nafasi kwa kitambaa, na upake maji ya sabuni kwenye kila mshono. Mapovu kwenye mshono ni tundu la kuchomelea upya. Mapovu machache kwenye mdomo wa katauti ni ule uzi wa mwanga uliouona mezani.

Washa injini nje, mahali penye hewa, katauti ikiwa imefungwa. Moshi na harufu ya rangi au mafuta vitatoka kwa dakika chache, ni kawaida. Joto likipanda, fungua na funga mara kadhaa, kwa sababu kisahani kilichocheza vizuri kikiwa baridi kinaweza kukwama kikivimba. Kikikwama, legeza bolti za flenji na uzikaze upya kwa usawa kabla ya kumlaumu aliyekiunda.

Endesha kwa nusu saa ukiwa na kengele ya kaboni monoksidi ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa nusu wazi, kwani dirisha lililo wazi linaweza kuvuta hewa ya chini ya gari kuingia ndani. Kengele ikilia, simama, shuka, na bomba la kutolea lirefushwe. Usijaribu kuishi na hali hiyo.

Chomeka kifaa cha kusoma OBD, yaani mfumo wa gari wa kujichunguza, na uangalie marekebisho ya mafuta, asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, katauti ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Yakipanda kuzidi asilimia 10 ikiwa wazi, au ukapata namba za hitilafu P0171 au P0174, zinazosema mafuta ni pungufu, hewa inaifikia sensa: kuna mshono unaovuja au katauti iko karibu mno. P0420 inahusu kataliti, na mara nyingi hapa chanzo ni sensa ya pili kudanganywa na hewa hiyo hiyo.

Gari likishapoa baada ya mizunguko miwili mitatu ya joto, rudi chini na ukaze bolti zote tena. Gasketi mpya huwa inakaa na kulegea kidogo.

Matunzo

Adui mkubwa wa kisahani ni kukaa bila kucheza. Masizi na unyevu vinashikana ukingoni na kukigundisha, kwa hiyo kifungue na kukifunga angalau mara moja kwa wiki hata kama huna haja ya sauti. Ukikuta kimeganda, usikilazimishe kwa kushikilia swichi. Toa mota, geuza shafti kwa spana taratibu huku na huku hadi masizi yavunjike, kisha safisha kwa brashi ya waya. Mafuta ya kawaida usiyapake. Yataungua na kuacha gundi. Poda ya grafiti inatosha.

Kabla ya kupita maji mengi, funga. Unapoosha chini ya gari kwa mashine ya presha, usiielekeze kwenye mota. Gari likilala siku nyingi, liache katauti ikiwa imefungwa ili vumbi na wadudu wasipate pa kuingilia.

Mota ikifa, na mwisho itakufa kwa kuwa inaishi jirani na moto, si lazima ununue seti nzima. Nyingi zinauzwa peke yake na zinafungwa kwa skrubu chache. Geuza kisahani kwa mkono hadi kifunge kabisa, ipeleke mota mpya mwisho wa upande wa kufunga ukiwa bado umeishika mkononi, kisha ndiyo uipachike kwenye shafti. Ukiipachika ikiwa katikati ya safari yake, kisahani hakitafika mwisho upande mmoja na utatafuta kosa kwenye nyaya bila kulipata.